Kuoza kwa Adabu

Kaka yangu Urbano hupindua jibini kila Ijumaa,
gurudumu kwa gurudumu, kilo kumi kila moja,
kama mtu anayegeuza mgonjwa kitandani
asichubuke ubavu.
Alipoanza kuyumba, kijijini walisema: mvinyo.
Na baba walimsema hivyo hivyo. Evaristo mlevi,
ambaye hakuonja tone tangu kipaimara changu.
Tulinyamaza. Aibu ya mvinyo
ilikuwa nyepesi kuliko jina la ugonjwa.

Daktari Benedita Quaresma alikuja São Jorge kwa kivuko cha asubuhi,
kichefuchefu bado kimemkaa usoni,
akachora kwenye karatasi yetu ya kufungia jibini:
hii ni protini ya ukoo wenu,
ina mkia mrefu kuliko inavyopasa.
Mkia hunasa mkia, fundo hushika fundo,
huko kisogoni ambako mwili hujifunza kusimama
zinang'ang'aniana, hazitoki.

"Na hakuna wa kuzivunja?"

Yupo, akasema. Kila seli ina kinu.
Protini iliyochakaa hutiwa alama, husukumwa kinuni,
hutoka vipandevipande vya kujengea nyingine.
Kinu chenu kimezidiwa.
Dawa hii haikati mkia, haigusi jeni.
Inakihimiza kinu, basi.

Urbano akacheka, mate yakamponyoka, akayafuta kwa kiwiko.
Kazi hiyo naijua, daktari.
Maziwa yakigandishwa leo ni mpira,
unatafuna mpaka taya linalalamika.
Yaache gizani. Visivyoonekana vitameng'enya,
vitamung'unya, bila haraka, bila meno,
na mwezi wa saba jibini linavunjika kwa kidole.
Baba alikuita huko kuoza kwa adabu.

Basi vidonge viwili, asubuhi na jioni, vyeupe.
Nusu ya wagonjwa hupewa dawa, nusu unga mtupu,
na aliyevileta mwenyewe hajui nani kapata nini.
Nilikiramba kimoja, Mungu anisamehe.
Kichungu.
Lakini hata unga unaweza kutiwa uchungu.

Nikauliza: na kinu kikizidi?
Kisagacho kibovu hakiwezi kusaga na kizima?
Daktari hakunijibu upesi. Nikampenda kwa hilo.
Alisema panya wa maabara walivuka ufito bila kuanguka,
na kwamba panya si watu.
Ufito wa Urbano ni ngazi saba za ghala,
zenye unyevu, zisizo na mahali pa kushika.

Mwezi wa nne alianguka na gurudumu kifuani.
Jibini halikupasuka. Mbavu mbili ndiyo.
Mwezi wa tisa alipindua mia moja na kumi na mbili
kabla ya kuomba kiti.
Mwezi huu, wa kumi na nne: mia moja na tisa.
Nimeandika ukutani kwa chaki, karibu na joto la chumba.
Mia moja na tisa.
Huku ni kushuka,
au ni kusimama kwa mtu ambaye angekuwa sakafuni?
Chaki haisemi.

Mimi bahasha yangu iko nyuma ya mizani,
gundi haijaguswa, mwaka wa tatu.
Asubuhi nyingine huvua viatu uani, kwenye ukungu,
nikasimama mguu mmoja kama korongo mpumbavu,
ng'ombe wakinitazama juu ya ukuta wa mawe meusi.
Ishirini na tano. Ishirini na sita.
Mguu ukitikisika nasema ni baridi.

Leo amekata kipande cha mwaka jana.
Kisu kilipinda njia, kikarudi, kikapita.
Anataka nionje kwanza, mimi mwenye ulimi wa ghala,
niseme kama liko tayari.
Limevunjika mdomoni chembe chembe,
chumvi, kisha majani, kisha ule mchomo mdogo wa mwisho.
"Enhe?" anauliza.
Bado, namwambia. Liache.
Anatikisa kichwa, au kichwa kinatikisika,
anaurudisha mkono rafuni, kwenye lile la mia moja na kumi.